Kijia Nilichokipa Jina Lako Makina

Kabiro, Kawangware
Jumapili mchana

Mama Mwende wangu,

Kabla ya yote niambie kifua cha mama kinaendeleaje, na kama yule mbuzi mweusi alizaa salama. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, na natembea mpaka soli za viatu zimekwisha.

Barua yako niliipata Jumanne. Umesema shule zikifungwa Agosti unakuja na Mwende, nitake nisitake, kwa sababu huu ni mwaka wa tatu nakuambia usubiri. Sikukasirika. Niliisoma mara tatu nikashindwa kujibu. Ngoja kwanza nikueleze ya kazini, utaelewa kwa nini leo nimeweza.

Kazi yenyewe ni kuchora vijia na mipaka ya wadi, ili uchaguzi ukifika kila mtu ajulikane anapiga kura upande gani. Mkubwa wetu ni mpima ardhi, mtu mpole asiyecheka. Mimi na mwenzangu wa Kitui tunavuta utepe wa kupimia. Tulianza huku Kawangware, sasa tuko Kibera. Vijia havina majina ya serikali. Ukiuliza, unatajiwa mama anayeuza pale mwanzoni: kwa Mama Akinyi wa dagaa omena, kwa Mama Halima wa maandazi. Nasi tunaandika hivyohivyo.

Kuna kimoja Makina, mtaa wa Kibera, ambacho ndicho mpaka wenyewe wa wadi mbili. Siku hiyo mkubwa alinipa karatasi niandike mwenyewe. Muuzaji wa pale alikuwa amerudi kwao zamani, na kila jirani ananitajia jina tofauti. Nikiwa nimesimama hivyo na penseli, mama mmoja akamwita mtoto wake aje ale, kwa sauti ileile unayomwitia Mwende. Nikakukumbuka. Nikaandika: Kwa Mama Mwende. Nilijua nakosea. Nilitaka tu jina lako liwe mahali ninapopita kila siku.

Hakuna aliyegutuka, maana akina mama wa vijia ni wengi hapa. Mpaka Alhamisi, mipaka iliposomwa mbele ya wazee wa Makina. Mzee mmoja akasimama, akasema amezaliwa hapo, amezika wazazi hapo, na huyo Mama Mwende hamjui. Anauza nini? Watu wakaanza kubishana. Wengine wakasema ni njama ya kuusogeza mpaka, ili wao wahesabiwe upande mwingine. Mkubwa akaniangalia. Ikabidi nisimame niseme kosa ni langu, hilo ni jina la mke wangu, na mke wangu yuko Machakos.

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Yule mzee hakucheka. Akaniuliza, "Sasa kijana, bibi yako yuko nyumbani, wewe unamwandika huku. Si umlete tu?"

Mkubwa alilifuta jina lako kwa raba mbele ya watu wote, nami nikatazama chini. Hakunifukuza. Aliniambia tu nirudi kesho yake nikaulize upya, mlango kwa mlango, nami nikarudi.

Sasa nikwambie ukweli niliokuficha. Ile nyumba niliyokusifia ni chumba kimoja cha mabati, na tunakaa humo wanaume watatu. Ndiyo sababu ya subiri, subiri. Niliona haya ukute nalalia magunia. Lakini kukukosa kumeishinda hiyo haya. Wenzangu wamekubali kuhamia kwa binamu yao Agosti nzima. Njooni, mnikute nilivyo.

Nisalimie mama sana. Nisalimie kaka Mutua anayetulimia shamba, na dada yako Kalondu, fundi wetu wa nguo, mwambie asikushonee kitu kipya cha safari. Vaa ulivyozoea.

Kuhusu Mwende. Nilimwacha hajajua kutamka baba, na najua ukimwonyesha mimi atajificha nyuma ya leso yako. Mkishuka kwenye basi, usimsukume kwangu. Nitachukua mzigo nitembee nyuma yenu, na yeye ageuke kunitazama atakapotaka mwenyewe.

Ni mimi wako anayewangojeni,
Baba Mwende