Kitenge Nilichobebewa

Jumatano, 4 Juni

Saa nne asubuhi, nimeshona marinda mawili tu. Mwanangu Baraka anaota meno. Nimechoka hadi kope.

Bana Chanda, ndivyo Wazambia wanavyosema Mama Chanda, kavuka mpaka kutoka Nakonde na kitambaa cha sare za wanawe. Akauliza swali lake la siku zote: "Fundi, hard-wearing?" Miezi yote namwitikia yes, sijui naitikia nini. Leo nikaona aibu, nikamuuliza maana. Kacheka mpaka kashika cherehani. Kumbe ni nguo inayovumilia kuvaliwa. Inafuliwa, inaanikwa, mtoto anatambaa nayo, bado ipo. Sisi tunasema inadumu. Lakini nguo inaweza kudumu sandukuni. Hii wanataka idumu mwilini.

Nimeipenda. Nikanyanyua kitambaa chake juani, kama ninavyopima siku zote. Jua halikupita. Nikamwambia hard-wearing. Safari hii nikijua.

Ijumaa, 6 Juni

Kitenge kimechanika. Nilikuwa namfunga Baraka mgongoni, kikaachia ubavuni, akateleza hadi kiunoni. Nilimdaka mguu. Hakulia. Nililia mimi.

Ni kitenge cha mama. Kilinibeba mimi na wadogo zangu wanne kule Hasamba, mama akichuma kahawa. Alinipa nilipojifungua.

Nikakinyanyua juani. Jua likapita lote, kama kwenye chujio la chai. Kutwa napima vitambaa vya watu. Cha mgongoni kwangu sikuwahi kukipima. Nina hasira na mimi mwenyewe.

Jumapili Baraka anabatizwa. Mama anakuja kesho. Alishasema kwenye simu: lazima amwone mjukuu wake kanisani ndani ya kitenge kile kile.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi nilijaribu kiraka. Nikikivuta, kinaondoka na kitambaa cha pembeni. Basi.

Mama kafika na maharage, sweta juu ya sweta. Nilitaka kumdanganya kwamba kitenge kiko kwenye maji. Nikashindwa. Nikamwambia simbebi nacho mtoto.

Akamgeukia Baraka. "Umesikia, mume wangu? Mama yako anakunyang'anya gari." Kisha kwangu, bila kucheka: "Kimebeba watano hicho. Nani alianguka?"

Akamchukua Baraka, akaanza kumfunga nacho mwenyewe. Nikamshika mkono. Hapana, mama. Sijawahi kumwambia hapana namna ile.

Nikakichukua, nikatoka nacho uani, nikakinyanyua juani. Mama akanifuata, akaona jua linavyopita. Akaingia ndani kuchambua maharage.

Imeniuma. Lakini mtoto hateremki tena hadi kiunoni.

Jumapili, 8 Juni

Baridi, ila jua limetoka mapema.

Kabla ya ibada nilimwona mama uani, peke yake. Kavua kitenge alichojifunga juu ya gauni. Anakivuta kwa mikono miwili. Anakinyanyua juani, anafumba jicho moja. Akaingia, akamfunga nacho Baraka mgongoni kwangu, akakaza fundo. Kilikuwa bado na joto lake.

Baraka alilala ibada nzima. Maji yalimwamsha, akamkodolea macho mchungaji, akalala tena.

Jioni mama kaomba mkasi. Kile cha zamani kakikata mwenyewe, nepi nne. Kimelainika, hakuna nepi ya dukani inayokifikia. Kikabaki kipande chenye pindo. Kakikunja kidogo sana, kakitia mkobani mwake.