Uma Unaopinda na Kurudi

Stechford, Birmingham

Mpendwa Baba,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Bega lako linasemaje siku hizi? Na Mama, kile kikohozi kimemwacha alale? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hadi kwenye soksi. Kazi ya kuwatunza wazee majumbani inaendelea, na ninakwenda kwao kwa baiskeli. Najua umeshakunja uso. Soma kwanza, kisha unigombeze.

Baiskeli nilipewa na mama mmoja wa kanisani. Siku ile ile niliyoifikisha nyumbani, nilichukua koleo nikaifungua breki ya mbele na kuitoa. Sikufikiri hata kidogo. Nimekulia kwenye boma ambalo breki ya mbele haitajwi tangu ulipoanguka na abiria kwenye mteremko wa sokoni. Ulituambia uma wa mbele unaoshika gurudumu ulianza kutetemeka, nawe ukadhani unakatika, ukakaza breki zaidi, ukarushwa juu ya usukani. Baada ya hapo uling'oa breki za mbele za baiskeli zote pale nyumbani, ukazitundika kwenye msumari wa stoo. Mdogo wangu Barasa alijifunza kuendesha hivyo, nami pia.

Basi juzi nilikuwa nateremka kuelekea Alum Rock, kwa mzee ninayemwamsha asubuhi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mama mmoja akatoka dukani na mfuko wa viazi, akavuka. Nikashika breki ya nyuma. Baba, tairi lilifunga lakini baiskeli ikaendelea kuteleza kama imepakwa sabuni. Nilimkosa kwa nafasi ndogo sana, nikaanguka kando ya barabara, na viazi vikatapakaa. Hakunitukana. Aliniinua, akaitazama baiskeli, akaniuliza, "Beta, where's your other brake?" Beta ni mwanangu kwa lugha ya kwao; alitaka kujua breki yangu ya pili iko wapi. Niliokota viazi vyake huku nalia.

Jumapili baada ya ibada nikamweleza Papa Amisi, Mkongo tunayesali naye. Huyu kwao Goma alikuwa akiendesha chukudu, ile baiskeli yao ya mbao ya kubebea mizigo. Akanirudishia breki ya mbele, akaniambia nijaribu pale uani. Nilipoishika tu, uma ukatetemeka hadi meno yakagongana. Nikaruka chini, nikamwambia Baba yangu alisema kweli.

"Hapana, dada," akasema. "Inama, angaliya hapa chini. Mi nasukuma, weye unaangaliya."

Akakaza breki, akaisukuma baiskeli mbele. Nikaona. Uma wa chuma, Baba, ulipinda kurudi nyuma mbele ya macho yangu, na alipouachia ukarudi mahali pake kama haukuguswa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nilipiga magoti kwenye lami na sketi yangu ya kanisani, nimeduwaa. Miaka yote nimekalia chuma nikidhani kazi yake ni kuwa kigumu tu, kumbe kila tukisimama kinatupokea uzito kimya kimya. Mungu wangu!

"Hata mbao ya chukudu inapindaka," akasema Papa Amisi. "Fourche haina makosa. Makosa iko kwa câble."

Fourche kwao ni uma, na câble ni waya. Akanionyesha waya wa breki, jinsi ulivyoshikiliwa juu karibu na usukani. Uma ukipinda, waya unavutika wenyewe na breki inauma kuliko mkono ulivyotaka, kisha inaachia, kisha inauma tena. Ndiyo ule mtetemeko. Akakihamisha kishikio cha waya, akakifunga chini kwenye uma wenyewe, ili uma ukipinda waya uende nao. Akanifundisha kushika breki zote mbili taratibu.

Leo asubuhi mvua ilikuwa inanyesha, nami nikateremka mteremko ule ule. Nikashika zote mbili, nikausikia uma ukikubali kidogo chini ya mikono yangu, na baiskeli ikasimama. Nilibaki pale nikicheka peke yangu, magari yananipita. Kisha nikakukumbuka wewe, nikaacha kucheka. Baba, siku ile uma wako haukuwa unakatika. Ulikuwa unapinda tu, na hakuna aliyewahi kukuambia. Yule abiria hukumwangusha kwa uzembe. Najua umejilaumu miaka yote hii, hata ukimya wako tunaujua.

Mwambie Mama nimempata muuza mboga mwenye mchicha. Msalimie Kukhu, nyanya yetu, na umwambie bado nasali kabla ya kulala. Msalimie shangazi na watoto wake wote.

Barasa usimpe salamu zangu kwanza. Bado anabeba watu kwenye mteremko wa sokoni kwa breki ya nyuma peke yake, na mvua ziko karibu. Nenda stoo, utungue breki moja pale kwenye msumari, umfungie kwa mkono wako mwenyewe, waya ukishikiliwa chini kwenye uma. Ukishamaliza, ndipo umwambie dada yake anamsalimu.

Ni mimi binti yako,
Nekesa