Meza Ina Pande Nne

Maskati, Ijumaa baada ya swala

Kwa dada yangu Somoe, Mahurunga.

Asalaam aleikum. Ni mimi mdogo wako Hamisi. Mwili mzima, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia mashine za kufulia, na malalamiko yake umeshayazoea. Nieleze wewe: miguu imepungua kuvimba? Mikorosho imetoa maua au ukungu umerudi tena? Mama anakula? Usinijibu "wote wazima", maana wewe ukisema hivyo najua kuna mtu amelazwa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ya simu yako. Nikikutumia sauti inasikilizwa na ua mzima, shemeji akiwa wa kwanza. Barua hii ni yako peke yako. Nikimaliza nitaifunga kwa gundi, juu ya gundi nitapiga selotepu, ndipo nianze kufikiri nani wa kumkabidhi.

Ulinipa kazi ya kumchunguza Mwalimu Festo, aliyemleta binti yako Mwanahawa huku kwenye mashindano ya snuka ya vijana wa mataifa. Ukasema mtoto aendelee na mchezo au aache, neno la mwisho ni langu mimi mjomba wake. Ahsante kwa kukumbuka. Maana baba yake alishatia sahihi, shangazi yake anayekaa naye mjini Rahaleo akashona nguo, na mimi nikaarifiwa wakati tiketi zimeshakatwa. Tangu lini mtoto wa kwetu akavushwa bahari mjomba hajaulizwa? Kwa hiyo nilimshuku huyo mtu kabla sijamtia machoni.

Bahati ikawashusha kwenye hoteli hii hii ninayofua mashuka. Siku walipofika nilijifanya nasukuma toroli la taulo, nikapita mapokezi. Mwanahawa kanipigia magoti palepale kwenye marumaru, shikamoo njomba, watu wanatazama. Kakua, dada. Mwalimu akanipa mkono, mrefu, mwembamba, sauti ya Bukoba, anacheka kabla hujasema la kuchekesha. Nikamuuliza, yule mama wa chama cha mchezo aliyetakiwa kufuatana na mtoto yuko wapi? Akasema viza yake haikutoka. Sawa. Ya mwalimu imetoka, ya mama haikutoka.

Nikauliza pasi ya kusafiria ya mtoto anayo nani. "Ninayo mimi, kwa usalama," akasema, akajipiga mfuko wa koti. Dada, wewe hujui neno hilo huku linavyosikika. Nimewaona wasichana wa kwetu walioambiwa pasi zao zinatunzwa kwa usalama, sasa wako majikoni kwa watu na mlango wa nje hawaujui. Usiku huo chakula kilinishinda.

Nikaanza kazi yako. Mashuka ya chumba cha mwalimu yalirudi kwangu hayajakunjamana, hata harufu ya mtu hayana. Kesho yake vilevile. Mimi mtu namjua kwa mashuka yake, na huyu alikuwa halali kitandani. Basi analala wapi? Halafu nikamwona nje ya hoteli na Mwarabu mmoja mwenye gari kubwa, wanaongea kwa mikono, wanacheka. Nikaomba ruhusa kazini, nikasema siku ya mechi sitoki ukumbini.

Huo mchezo si kama pool ile ya vijiweni. Meza yake ukiiweka sebuleni kwako wewe utalala nje. Kuna mipira myekundu mingi na ya rangi nyingine, na mweupe mmoja ndio unaoruhusiwa kuugonga kwa fimbo, uitie ile mingine kwenye mifuko ya pembeni mwa meza. Watu wako kimya kama wanasikiliza hotuba. Mwanahawa alivaa suruali pana, shati refu, mtandio, na juu kizibao cheusi alichoshona shangazi yake. Nilitafuta la kulaumu kwenye mavazi, sikuliona. Akishinda mechi ile anasonga mbele, akishindwa anarudi nyumbani. Mpinzani wake msichana wa Kituruki, mdogo hata kuliko yeye.

Nikachagua kiti cha mbele kabisa, karibu na meza, ili nione kila kitu. Na nikaona. Mtoto alikuwa anashindwa kwa makusudi! Anapewa mpira mwekundu uko mdomoni mwa mfuko, mimi mwenyewe ningeutia kwa mwiko wa ugali, yeye anauacha, anaizunguka meza yote, anakwenda kuupiga mwingine kwa mbali, tena kajinyoosha kwa ubavu, fimbo inatetemeka. Anakosa. Mara ya pili hivyo hivyo. Mturuki wa watu anaokota tu. Nikamtazama mwalimu, kashika kichwa kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, unaigiza vizuri. Kumbe mechi imeuzwa, na mnunuzi ni yule wa gari kubwa.

Mapumziko yalipofika mwalimu akanifuata. "Ndugu yangu, nakuomba, hebu usogee ukae viti vya juu kidogo. Huenda mtoto anaona aibu na wewe." Hasira zikanipanda hadi masikioni. Nikamwambia, "Unataka niondoke ili nisione nini?" Nikampita, nikamfuata Mwanahawa kwenye ujia.

"Nani kakwambia ushindwe?"

"Hakuna, njomba."

"Usinidanganye. Ule mpira ulikuwa wazi mbele yako."

Akatazama viatu vyake. "Njomba, wewe umekaa wapi?"

"Nyuma yako. Nakuangalia."

"Ndiyo hivyo," akasema, machozi yakamtoka. "Mpira ule nikiuinamia, nakupa mgongo. Mama na kungwi wangu walisemaje? Mjomba humpi mgongo ukainama. Mimi naweza?"

Dada, nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Kumbe mtoto alikuwa anachagua mipira kwa adabu! Kila alipotakiwa kuinama ameniacha nyuma, alihama upande. Mwaka mzima anafundishwa kuinama vizuri, nami nimekuja kutoka chumba cha kufulia kumzuia kwa kukaa tu. Mwalimu wa watu wa Bukoba angejulia wapi? Alidhani ni woga. Hata mimi, niliyelelewa Mahurunga, sikuona, kwa sababu nilikuwa natazama wizi.

Nikamwambia basi, nitahamia kiti cha upande ule mwingine. Akafuta pua kwa mtandio.

"Njomba, meza ina pande nne."

Ni kweli. Hapakuwa na pa kukaa. Nikaelewa kwamba akitaka kushinda ni lazima nitoke, na nikitoka namwacha mkononi mwa mtu yuleyule niliyetumwa nimlinde naye. Niliogopa, sikufichi. Nikasema, vipi nikirudi nikute wote wawili hawapo? Nitakuandikia nini wewe?

Mwalimu alikuwa amesimama kando, kasikia. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa pasi ya mtoto, akanipa. "Kaa nayo. Hata tukimaliza usinirudishie, shauri lako." Nikaifungua kuhakikisha ni yenyewe. Picha ya Mwanahawa, kanuna kama wewe. Nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikatoka.

Nilikaa kwenye benchi nje ya ukumbi, na mlango nikaupa mgongo, nisije nikachungulia. Nasikia mipira inagongana, kimya, inagongana tena. Wanapiga makofi, sijui wanampigia nani. Nilimwomba Mungu kwa kila dua niliyosoma chuoni, hata ile ya kusafiria. Mara mlango ukafunguka nyuma yangu, akatoka polepole, vidole vya buluu kwa chaki, uso hausomeki. Nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza.

"Njomba, nimeshinda."

Nililia mbele za watu. Kesho yake alitolewa na mtoto wa Kichina, kihalali, nami nikiwa kwenye benchi langu palepale.

Kuhusu mashuka nilimwuliza mwalimu waziwazi. Kumbe analala sakafuni. Anasema godoro la hoteli linammeza, mgongo unamuuma hadi mchana. Mwenye gari naye ni dereva wa basi la wachezaji, gari ni la bosi wake. Namwamini? Robo tatu. Ile robo nimekuachia wewe uimalizie.

Sasa neno langu. Mwanahawa aendelee. Aende mazoezini, aende hata Dar es Salaam akiitwa, lakini safari ijayo bila mama wa kufuatana naye haendi, viza itoke isitoke. Nilitaka kumwambia ule mwiko nimemwondolea, ainame tu hata nikiwepo. Tukajaribu kwenye meza ya mazoezi, akahama upande vilevile. Nikaona nimwachie adabu yake, nami nibaki nje.

Nisalimie mama, umwambie ale. Msalimie shangazi mtu wa Rahaleo kwa kizibao kile, na kungwi wa mtoto, umwambie kazi yake imeshika kuliko gundi. Shemeji mpe salamu, lakini bado nina neno naye la ile sahihi.

Barua hii anakuletea Mwalimu Festo mwenyewe, na pasi nimemrudishia. Gundi ninayo, sikuitia. Akifika mtandikie mkeka, usimhangaishe na kitanda.

Na wewe dada, panda gari uende mjini siku ya mazoezi. Wewe ni mama, kwako anaweza kuinama. Kaa nyuma yake, mtazame vizuri, kisha uniandikie mwanetu anavyocheza, maana mimi sijamwona.

Mdogo wako, mjomba mtu,
Hamisi