Mama Ameshaomba Radhi

Jumanne. Ukungu umeukalia mji wa Lushoto tangu asubuhi, na mimi nimenuna vivyo hivyo.

Nina hasira. Naandika ili nisije nikamfokea mteja dukani.

Miaka miwili nimelipia mbegu na dawa za nyanya za duka langu kwa kadi ya mkopo ya benki. Si kwamba napenda makuu. Kila malipo yalikuwa yananiletea pointi za safari, na pointi hizo nilizitunza kwa jambo moja tu, kumpeleka mama Umra. Mwezi uliopita nikamwambia ajiandae. Benki sikuwa nimewauliza chochote. Hilo ni kosa langu, na nalisema hapa kwa sababu kwingine sijathubutu kulisema.

Leo nimekwenda kuzitumia. Kijana wa benki akaniamkia shikamoo tamu kweli, kisha akanieleza kwamba kwa kadi yangu hii pointi haziwezi kulipia safari ya nje ya nchi.

"Ila dada, ukipanda kadi ya daraja la juu zinafanya kazi. Tena pale uwanja wa ndege mama atakaa sebule ya wageni maalumu, na vitafunwa vipo."

Vitafunwa! Mama yangu, ambaye kona za mlimani za kushukia Mombo tu zinamtapisha!

Na bado nilishika kalamu. Nikajaza jina, nikajaza namba ya simu. Ndipo nikauliza masharti. Ada ni ya kila mwaka, usafiri usisafiri. Na sehemu ya tiketi ambayo pointi hazitoshi kuilipia inabaki kuwa deni, lenye riba.

Riba. Kwa safari ya Makka.

Wiki ya tatu hii mama anazunguka kijijini kuomba radhi, kama wafanyavyo wanaokwenda kule. Amelipa hadi sukari aliyokopa kwa jirani. Amefika mpaka kwa Mama Zuhura, ambaye walikuwa hawajasalimiana naye tangu wagombanie mfereji wa maji, mimi nikiwa darasa la tatu. Nasikia walilia wote wawili. Jumapili akanifikia mimi.

"Mwanangu, kama kuna siku nilikuonea, niwie radhi. Nataka niende moyo mweupe."

Nikamjibu kwamba nimemsamehe. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Fomu nimeirudisha bila kusaini. Kijana wa watu nilimsemesha vibaya, hasira za benki nzima akazibeba yeye.

Sipandi daraja lolote. Mama atakwenda kwa jasho la duka, mwakani au mwaka ule mwingine, Mungu akimpa uhai.

Kesho sifungui duka. Napanda kijijini. Kila mtu kule ameshamsamehe mama, na mama ameshamsamehe kila mtu.

Nimebaki mimi.