Breki Zinazotaka Moto

Ijumaa, 15 Juni

Pedali imezama tena. Tumetoka Muleba na abiria. Mteremko wa kushukia Kemondo, shemeji Novati kakanyaga breki, ikashika. Kakanyaga tena, ikashika nusu. Mara ya tatu mguu ukafika chini kabisa. Harufu kama ukwato unaoungua. Abiria walidhani ni injini. Mimi nimekaa mbele, nimeuona mguu wake. Alikuwa anacheka, lakini jasho lilikuwa shingoni.

Pedi hizi za breki ni laini. Zikiwa baridi zinashika vizuri. Zikipata moto zinakuwa kama sabuni. Kwa teksi zinatosha. Kwa mbio za magari za Sabasaba hazitoshi. Ni Bukoba mpaka Muleba na kurudi, na mteremko ni huohuo. Hapohapo ndipo mshindani wake, Abdu, alimpita mwaka jana.

Jumapili, 17 Juni

Tumetoka misa, Abdu kasimamisha Datsun yake nje ya kanisa. Kamuuliza Novati mbele ya watu kama Pijo yake bado inabeba wagonjwa au sasa inabeba maiti. Watu wamecheka. Novati naye kacheka.

Njiani hakusema neno. Dada yangu Adventina, mkewe, alikaa nyuma na tumbo lake. Sipendi Novati akinyamaza. Akinyamaza anapanga kitu.

Jumatano, 20 Juni

Pedi mpya zimefika. Dukani hakuna, si hapa si Mwanza. Hizi zimetoka Kampala, zimepita mpakani Mutukula ndani ya gunia la maharage. Aliyezileta hakutaka hata chai. Kasema askari wa kule siku hizi wanamtazama mtu vibaya, yeye harudi tena.

Ni za magari ya mashindano. Ngumu, nyeusi. Ukigonga kwa kucha zinalia kama kigae. Ta Projest, fundi wetu, kazigeuzageuza mkononi. Kasema hizi haziogopi moto, lakini zinataka moto kwanza. Zikiwa baridi ni mawe.

Akamwambia Novati, "Chagua mwenyewe. Za zamani zitakukimbia mwisho wa mteremko. Hizi zitakukimbia mwanzo."

Novati kachagua mawe. Hakufikiri. Nilitaka kusema kitu. Sikusema.

Jumamosi, 23 Juni

Tumezijaribu mchana, jua kali. Kushuka, kupanda, kushuka tena. Gari linasimama kama limefungwa kamba. Novati kaimba mpaka nyumbani. Mimi pia nimefurahi kidogo.

Jumatatu, 25 Juni

Asubuhi, ukungu. Tumepita Kanazi. Mtu na baiskeli mbele yetu, mikungu ya ndizi nyuma. Novati kakanyaga. Hakuna kitu. Pedali ilikuwa ngumu, juu, lakini gari linakwenda tu.

Tumegonga gurudumu la nyuma la baiskeli. Yule mtu karukia kwenye mibuni. Ni mzima. Ndizi zimesagika barabarani, baiskeli imepinda. Tumempeleka kwake.

Novati anasema ni ukungu. Siyo ukungu. Tulikuwa tumekwenda tambarare muda mrefu bila kugusa breki. Mawe yalikuwa baridi.

Alhamisi, 28 Juni

Nimekwenda kwa Ta Projest peke yangu. Nimeuliza, hakusikia, kaniambia nirudie. Nikauliza tena. Kama tunaweza kurudisha zile laini.

Kanionyesha pedi za zamani. Limebaki ganda tu, nyuma yake chuma. Hazifungiki tena.

Basi kanifundisha. Kabla ya mteremko unachoma breki. Mguu wa kulia kwenye pedali ya petroli, wa kushoto unagusa breki polepole, mpaka harufu ianze kuja. Hapo zinashika. Lakini anayeshindana hakumbuki, macho yake yako kwa mwenzake wa mbele. Lazima wa pembeni amwambie.

Kauliza pembeni anakaa nani. Nikasema mimi. Kanitazama, karudi kwenye kazi yake.

Jumapili, 1 Julai

Mazoezi. Alama yangu ya Kemondo ni mikaratusi, pale barabara inapoanza kuinama. Nikiiona, niseme choma. Neno moja tu. Novati kakubali.

Mikaratusi imefika. Nimefungua mdomo. Sauti haikutoka.

Kona ya chini breki hazikushika, tumeingia kwa upana. Gurudumu moja limetoka nje ya barabara. Chini yetu migomba, na paa la nyumba, na moshi wa watu wanaopika. Gari likasimama hapohapo.

"Shemeji," Novati kasema, "si ulisema utasema?"

Nimeangalia magoti yangu. Najichukia.

Jumanne, 3 Julai

Balozi wa nyumba kumi kapita. Kauliza kama kuchoma petroli bure ndiyo ujamaa. Novati kamwambia wananchi nao wanataka kuona kitu. Balozi hakucheka. Kaliangalia gari, kaliangalia tumbo la Adventina, kaenda zake.

Alhamisi, 5 Julai

Novati anataka kumchukua Kamugisha, kondakta wa basi. Kamugisha ana sauti. Macho hana. Pale kwenye mikaratusi atakuwa anasimulia habari za wanawake.

Adventina kanikuta naosha gari. "Deo, wewe hata shikamoo unaisema kama unaiba. Lakini wewe unaona. Yule haoni kitu." Kashika tumbo. "Mimi nimemwomba aache, hataki. Basi nakuomba wewe."

Nimemfuata Novati uani. Nikamwambia nakaa mimi. Kauliza nimesema nini. Nikarudia. Kasema Sabasaba atapiga honi moja tu, nisipotoka anampitia Kamugisha.

Jumamosi, 7 Julai

Asubuhi. Mvua imenyesha, imeacha. Barabara itakuwa utelezi, na baridi ni kali. Ziwa halionekani.

Ta Projest yuko nje. Nimemwona dirishani kaweka kiganja kwenye gurudumu la mbele, kama anavyoshikwa paji mtoto mgonjwa. Kisha kajipangusa mkono. Novati yuko ndani ya gari tayari.

Nimesimama hapa chumbani nikasema choma. Kwa sauti ndogo. Nikasema tena kwa nguvu, mpaka koo likauma. Jikoni Adventina alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikanyamaza.

"Nimesikia," kasema.

Honi imelia. Lazima niondoke sasa. Mikaratusi iko mbele, breki ni baridi, na nisipokuwa pale hakuna wa kumwambia.