Wanauliza Kama Mashine Ilisimama

Maman,

Sauti moja imebaki masikioni mwangu, na si ya kinywa chako. Ni pete yako inapogonga gurudumu la mashine ya kushona. Ti. Uliondoa mguu kwenye pedali, ukaweka kiganja juu ya gurudumu lisiendelee kuzunguka, na pete ikagusa chuma mara moja. Nikiwa chumbani nasahihisha kazi za wanafunzi wangu, nilijua bila kuangalia kwamba redio imeleta wimbo uliokupendeza.

Watu wa barazani walijua pia. Nivumilie nikiandika mambo unayoyajua kuliko mimi. Naogopa nisipoyaandika yatanitoka. Wanaume wale walikuja kila jioni kusimama mbele ya atelye yako ya kushonea, wakajiita bunge la kusimama, na kazi yao ilikuwa kubishana juu ya muziki: nani anaimba, nani anapiga kelele tu, nani alipaswa kuacha zamani. Wewe hawakukuuliza. Walisikiliza mashine. Wimbo usiokupendeza, wewe uliendelea kushona juu yake, na ukiwa mbaya kabisa uliongeza mwendo. Unamkumbuka yule kijana wa Kinshasa ambaye wimbo wake ulianza na kuisha huku wewe unashona mkono mzima wa blauzi? Tangu siku ile, kwa Bosco kinyozi, wimbo mbovu ni "wimbo ya mukono". Juzi alisikia mmoja ndani ya taksi akasema, "Hii iko ya mikono mbili na kola."

Hukuwahi kueleza kwa nini mguu unasimama. Papa Mugisho, ambaye amefundisha watoto wa mtaa wetu wa Cimpunda kusoma mpaka amestaafu, alijaribu kukuhoji kama anavyohoji darasa. Ulimjibu, "Papa Mugisho, mimi ninashona," ukainama tena.

Nikuambie yaliyobadilika. Mashine nimeifunika kwa kile kitenge cha bluu. Gauni la komunyo uliloliacha bila pindo lilimaliziwa na fundi wa juu kule karibu na kisima. Mtoto alilivaa, alipendeza, mama yake alilia mbele yangu, na mimi nikasimama tu. Mji ni kama ulivyouacha. Watu wanaingia nyumbani mapema, na kuna maneno ambayo mtu anayameza kabla hayajafika kwenye ulimi. Nafikiri ndiyo maana wanabishana juu ya mwimbaji wetu Mzee Elengi kwa nguvu namna hii. Juu yake mtu bado anaweza kupaza sauti barabarani na hakuna atakayegeuka kumtazama.

Kwa sababu Mzee ametoa albamu nzima, Maman. Ule wimbo mmoja uliousikia ulitangulia tu. Miaka yote ile ya kimya, watu wakisema amekufa, wengine wakisema yuko Ulaya anaumwa, halafu akarudi. Bunge likapasuka palepale. Bosco anaongoza wale wanaosema angebaki kimya. "Muzee anaimba sawa mutu mwenye kupanda Cimpunda na gunia ya makala ya kupikia ku mugongo," anasema. Halafu anaonyesha jinsi anavyopumua, ameinama, mkono kiunoni, na hata wanaompinga wanacheka. Kingine kinachomuuma ni mwisho wa wimbo. Magitaa hayachemki. Hakuna mahali pa kuchezea. "Unangojea, unangojea, kumbe iliisha."

Papa Mugisho hacheki. Kwake kumsema Mzee ni kama kumsema baba wa mtu. "Wewe Bosco, ile mashini yako ya kunyoa tu inakushinda, sasa unataka kuhukumu sauti ya batu? Ukifika umri yake utaimba nini? Utakuwa unakohoa."

"Nitakohoa ku nyumba yangu, Papa. Siyo ku redio."

Wanaendelea hivyo mpaka taa zinawaka. Mimi nilikuwa nafunga dirisha. Unajua nilivyokuwa. Hata ulipokuwa hai, wao walipoanza, mimi nilichukua madaftari yangu na kuingia ndani, na wewe ulikuwa unasema, "Huyu anasoma sana, lakini watu hajui kuwasoma." Nilidhani nikifunga dirisha mara za kutosha wataelewa kwamba mwenye baraza hayupo tena. Hawakuelewa. Walikuja, wakasimama, wakabishana, na mtu akitaka kukaa aliomba ruhusa kwanza, kwa heshima, halafu akaendelea kugombana.

Siku moja nikirudi kutoka shuleni Muhumba, nimechoka na ule mlima, Papa Mugisho akanizuia mlangoni. Wengine walijipanga nyuma yake. Nikaona kwamba wamekubaliana kitu.

"Nabintu, mutoto yangu," akasema. "Siku ya kuondoa kilio, kumaliza matanga ya Maman, inakaribia. Sisi watu wa barazani ndio tutaleta muziki, unajua. Tuko na swali moja tu. Wimbo mupya ya Muzee, Maman aliisikia. Bosco aliiletaka asubuhi, na ile siku mvua ikatukatalia kufika. Ulikuwa na yeye. Mashine ilisimama?"

"Ndiyo ao hapana," Bosco akasema. "Kama ilisimama, tutaipiga mbele ya watu bote, na mimi nitafunga kinywa. Kama haikusimama, tutapiga tu zile za zamani, na Papa Mugisho atafunga yake."

Nikasema nitafikiri. Bosco akanishangaa. Kitu gani cha kufikiria hapo? Mashine inasimama au haisimami.

Maman, nilikuwa na wewe. Mvua ilipiga mabati hata redio haikusikika vizuri, ukaongeza sauti. Bosco alikuwa amekuomba usichomeke kwenye redio ile flash yenye wimbo mpaka yeye aje. Ulingoja, ukangoja, ukasema, "Bosco anisamehe." Nilikuwa chumbani, mlango umefunguka kidogo. Gitaa lilianza peke yake. Mashine yako ilienda polepole, kama unashona huku unatazama mtu anayekuja kwa mbali. Sauti ya Mzee ikaingia, na mguu wako haukubadilika. Kwenye ubeti wa pili akajaribu kupanda kule juu, kule alikopanda ulipokuwa msichana kule Kamituga na mlikuwa mnacheza nyimbo zake kwenye vumbi mpaka viatu vinabadilika rangi. Hakufika. Sauti ilikatika katikati.

Na mashine ikasimama.

Lakini sikusikia pete. Gurudumu lilizunguka lenyewe, likapungua, likapungua, likaisha. Ndiyo maana nilitoka chumbani. Mkono wako ulikuwa kifuani. Uliponiona ulicheka kidogo, ukasema, "Hata yeye pumzi inamuishia."

Hata yeye. Hukuwa umeniambia kitu. Ulikuwa unapanda kutoka sokoni na kusimama njiani kusalimia watu ambao zamani hukuwa unawasalimia, na mimi nilifikiri uzee unakufanya uwe mpole. Neno hilo moja, "hata", ndilo lililonieleza. Hukusema zaidi. Ulikaa hivyo, mkono kifuani, ukasikiliza wimbo mpaka mwisho bila kushona, halafu ukaomba maji. Juma lililofuata tulikuzika.

Sasa niwajibu nini? Nikisema ilisimama, Papa Mugisho atainua mikono na kusema Maman amehukumu, na mimi nitajua kwamba labda ni moyo wako uliohukumu, wimbo haukuhusika. Nikisema haikusimama, nitakuwa nasema uongo juu ya maiti. Na nikieleza yote, pamoja na maneno yako, Bosco atapata sentensi ambayo hangeweza kuitunga hata akiamka mapema kila siku. Si mtu mbaya. Alibeba jeneza lako, bega lake likavimba, na hakuniambia. Niliambiwa na mke wake. Lakini jioni hiyo hiyo Cimpunda nzima ingekuwa inasema: hata Maman fundi alisema Muzee pumzi imemuishia. Wangecheka. Na wakati wanacheka mimi ningekuwa naona mkono wako kifuani.

Hukumsema Mzee vibaya. Ulimsema kama unavyomsema jirani mwenye ugonjwa wako. Hilo ningelielezaje barazani, Maman, kwa watu wanaotaka ndiyo au hapana?

Nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya. Niliuweka wimbo kwenye simu yangu nikawa nausikiliza shuleni, saa za mapumziko, nimekaa nyuma ya darasa la sita na vitu masikioni. Wanafunzi walidhani ninaongea na mchumba. Mara ya kwanza nilisikia wewe tu. Mara nyingi baadaye nilisikia wewe tu. Kisha siku moja, sijui kwa nini siku hiyo, nilimsikia yeye. Nilisikia kwamba ubeti wa kwanza anaujua. Nilisikia kwamba wa pili ni kiburi: alitaka kutuonyesha nyumba ambayo alishaihama. Na nikasikia mwisho, pale ambapo Bosco anasema hakuna kitu. Pale Mzee anaacha kupanda. Anashuka, anaongea karibu na kuimba, chini kabisa, na gitaa moja linamfuata bila kumpita. Nikaona kwamba nina maoni. Yalikuwa yangu. Sikujua kama ni yako pia, na niliogopa kidogo kwamba si yako.

Jumapili, baada ya misa, walipokuwa wamesimama, nilitoka na kiti nikakaa katikati yao. Waligeuka wote.

"Mambo ya mashine muyaache," nikasema. "Siku ile Maman alikuwa mgonjwa na sitaitumia siku ile. Lakini mimi wimbo nimeusikiliza, na nitawaambia ninavyousikia."

Bosco akawahi: "Eh, mademoiselle. Tangu lini?"

"Tangu juzi," nikasema.

Nikawaambia yote. Ubeti wa pili, kiburi. Mwisho, sehemu nzuri kuliko zote alizoimba, hata kuliko za zamani. Nilitegemea Papa Mugisho afurahi. Alikasirika. Akaniuliza kama najua nota ile ya juu imefungisha ndoa ngapi hapa Bukavu, na mwalimu gani wa Kifaransa amenituma kuita kitu hicho kiburi. Bosco alifurahi kwa dakika moja, mpaka alipokumbuka nilichosema juu ya mwisho. "Sehemu muzuri? Pale anapolala? Nabintu, wewe unajua kusahihisha dictée ya watoto. Muziki huijui hata kidogo." Nikamwambia yeye masikio yake yako kwenye miguu. Wakacheka, naye akacheka, akarudi kunipinga kutoka mwanzo, kwa kidole.

Nilikaa pale mpaka giza. Nataka ujue jinsi ilivyokuwa. Tangu tukuzike, watu wote wananisemesha kama wanabeba yai. Wanateremsha sauti, wananikubalia kila kitu, hata mkuu wa shule. Na hapa kinyozi ananiambia sijui kitu, na mzee mstaafu amenikasirikia kabisa, kofia mkononi. Nilirudi ndani. Nikakaa kitandani, nikalia vile nilivyoshindwa kulia siku ile ya gauni. Kisha nikapika, nikala sahani nzima.

Maneno yako sikuwapa. Yako hapa, kwenye karatasi hii, na ndani yangu. Nimefikiri sana kwa nini ulipitisha ugonjwa wako kwa mwanamuziki badala ya kuniambia, na sikukasirikii tena. Labda ilikuwa njia pekee iliyokuwa karibu. Lakini nakuahidi kitu. Siku pumzi yangu itakapopungua, nitasema ni yangu. Nitamwambia mtu aliye karibu, kwa jina langu, hata kama redio inapiga.

Nenda salama, Maman. Tulia huko. Kama kuna kelele mlangoni jioni, usishangae, ni sisi.

Kuhusu siku ya kuondoa kilio, walisubiri niamue, kwa kuwa kilio ni changu. Niliwaambia waupige wimbo mpya, bila kusema wewe uliupitisha wala uliukataa. Ulipigwa Jumamosi, baada ya padri kuondoka na chakula kuliwa. Hakuna aliyecheza, maana kweli hakuna mahali pa kucheza. Kwenye ubeti wa pili Bosco alinitazama na mimi nikamtazama. Ulipigwa wote mpaka mwisho, kama ulivyousikiliza wewe, na sikumwambia mtu kwa nini.

Mtoto wako,
Nabintu