Vyura wa Shambani

Kamwokya, Kampala

Mama Valarie,

Mimi mzima. Duka ninalolinda limepakwa rangi mpya, ila bado sina wa kupiga naye soga. Ndiyo maana kila jioni nakuomba uweke simu kando ya mpunga, nisikie vyura.

Jana palikuwa kimya, nikadhani simu imekatika. Nikakuita, ukajibu, "Niko hapa hapa majini."

Nilishindwa kukuambia kwa simu, basi naandika. Ile dawa ya magugu niliyokutumia ili upumzishe mgongo, muuzaji alisema kifuniko kimoja kwa pampu nzima ya maji. Mimi nikakuambia vitatu, nikitaka yaishe haraka.

Usiingie tena kwenye maji hayo. Valarie asiyachote.

Jioni simama juu ya tuta, uniwekee simu vilevile. Hata akilia chura mmoja, nitamsikia.

Mumeo,
Omolo